Boriti ya Nyuma

Wanafunzi wangu wakifika kwenye mada ya mkazo wa shia, yaani mkazo wa kukata, ndani ya boriti, nyuso zao hubadilika. Naijua sura ile. Kupinda wanakuelewa upesi, kwa kuwa kila mtu amewahi kuona ubao unaopinda. Shia haionekani. Iko ndani ya mti, kimya, na darasani inabaki kuwa fomula ya herufi nne na mstari wa kugawanyia. Huwa nawaambia wasiogope. Nawaambia kwamba mimi mwenyewe nililifeli somo hilo, nikaja kulielewa uwanjani kwetu Mbinga, mbele ya kichanja cha kahawa kilichoinama upande mmoja. Wanacheka, tunaendelea. Yaliyobaki sijawahi kuwasimulia.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, masika yamekolea, baba mdogo aliponipigia simu mhadhara ukiendelea. Nilitoka nje kupokea. Akasema, "Mwanangu, baba yako ametutoka asubuhi hii." Nikamjibu, "Sawa, baba." Nakumbuka jibu hilo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Sawa, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani.

Basi lilinishusha Mbinga mjini siku iliyofuata, nikapanda pikipiki mpaka kijijini kwetu, upande wa Mpepai, barabara yote ikiwa matope. Nilikuta jeneza limeshatolewa nje. Kaburini wanaume wanne walishika kamba mbili, mmoja kila ncha ya kamba, nikajikuta nahesabu kila mkono unabeba kiasi gani. Robo, robo, robo, robo. Kisha mmoja akateleza kidogo kwenye udongo na hesabu ikaharibika. Wanawake walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa bado natafuta ile robo imekwenda kwa nani.

Baada ya siku chache nikarudi chuoni. Nilihudhuria vipindi vyote, nilikula, nilifua, nilifanya mitihani. Ukikalia mguu muda mrefu hufa ganzi, ukiugusa unaona kama umegusa mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa hivyo kwa kila kitu. Matokeo yalipotoka niliyafungua kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya chakula. Masomo yote nilipita kwa shida, isipokuwa lile la uimara wa vifaa. Hilo nilipata sapu, yaani nirudie mtihani mwezi wa tisa kabla ya mwaka mpya kuanza. Nikifeli tena, nadisko, chuo kinakuwa kimeisha. Niliweka simu mfukoni nikachukua wali na maharage.

Nyumbani sikumwambia mtu. Nilirudi mwezi wa saba, msimu wa kahawa, na mama akawaambia majirani kwamba injinia amekuja likizo. Nikaacha iwe hivyo. Moyoni, kama ule unaweza kuitwa uamuzi, nilikuwa nimeamua kutorudi. Ningebaki, ningechuma kahawa, mwezi wa tisa ungepita, na siku moja mtu angeuliza mbona chuo hakifunguliwi. Ilikuwa rahisi kuliko kukaa tena mbele ya karatasi ile.

Kichanja cha zamani, ile meza ndefu tunayoanikia kahawa, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Baba alikuwa ameanza kipya. Nguzo alishazisimamisha, mbili mbele na mbili nyuma, zikiwa zimeachana kuliko kawaida, kama hatua nne za mtu mzima. Katikati hakuweka nguzo, kwa kuwa pale uwanjani chini ya udongo kuna mwamba, na sururu inaruka ukiupiga. Kwa hiyo kila boriti ilibidi ivuke nafasi yote ile peke yake. Mbao nene hakuwa nazo. Alikuwa na mbao za mlingoti, yaani mkaratusi, inchi mbili kwa nne, nyembamba kwa kazi hiyo. Akafanya kama mafundi wa kwetu wanavyofanya: alilaza mbao mbili, moja juu ya mwenzake, akazitoboa pamoja na kupigilia vijiti vya mkahawa mkavu.

Hapo nieleze kidogo. Msumari kwenye kichanja cha kahawa ni adui. Kahawa iliyotoka kumenywa na kuoshwa inachuruzika maji makali, msumari unashika kutu, kutu inashika maganda, na punje zenye madoa zinarudishwa. Mkahawa uliozeeka ukikatwa, mti wake ni mgumu kama mfupa. Kwa hiyo vijiti vya kushikia vichanja vinachongwa kutoka kwenye mikahawa ileile iliyozaa kahawa. Baba alikuwa amechonga debe zima.

Boriti ya nyuma ilikuwa imelala ukutani, chini ya bati, imepigiliwa vijiti. Ya mbele zilikuwa mbao mbili tupu. Niliitazama hiyo ya nyuma. Kwenye ncha zote mbili vijiti vilikaribiana sana, vidole vitatu havipiti kati yake. Ukielekea katikati vinaanza kuachana, shibiri moja, shibiri mbili. Katikati kabisa, urefu wa mkono mzima, hapakuwa na kitu.

Nikaelewa kwamba alianza pembeni, huku na huku, na hakuwahi kufika katikati.

"Mama," nilisema, "nitamalizia kichanja."

Mama alikuwa anapepeta mahindi. "Utaweza?"

"Ndiyo ninachosomea."

Keke, ile drili ya mkono ya kutobolea mbao, niliikuta stoo, imetundikwa mahali pake, imepakwa mafuta, imeviringishwa kipande cha gunia na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Nilikata ile kamba kwa kisu, nikatupa gunia pembeni, nikaanza kazi.

Kwanza nilitaka kuweka vijiti kwenye ile nafasi tupu ya boriti ya baba. Nilikuwa nimeshaweka ncha ya keke juu ya ubao mama aliposema, bila kuinua sauti, "Hiyo usiiguse."

"Hajaimaliza, mama."

"Najua hajaimaliza. Iache hivyohivyo alivyoiacha."

Nikaiacha. Nikahamia kwenye ya mbele, nikaitengeneza kwa akili yangu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua jambo moja kwa uhakika: boriti iliyolemewa hupinda zaidi katikati. Kwa hiyo vijiti nilivijaza katikati, vimebanana kama meno, na kwenye ncha nikaweka kimoja kimoja kwa heshima tu. Mwisho nikakata ncha za mbao zote mbili kwa msumeno mmoja, mkato mmoja, zikawa sawasawa kama ukuta. Baba mdogo, ambaye anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuja tukaziinua zote mbili juu ya nguzo. Tukatandika fito, juu yake wavu wa waya usioshika kutu. Kazi ilichukua siku mbili na sikumbuki nilifikiria nini ndani yake.

Kahawa ikaanza kuja. Asubuhi tunachuma, mchana tunamenya kwa mashine ya mkono, inavundikwa, inaoshwa, inaanikwa. Jirani wa ng'ambo ya kijito alikuwa anakuja kutusaidia kuchambua. Ni mama wa makamo mwenye ulimi mwepesi, na alikuwa na wivu kidogo na mama yangu kwa sababu mama si wa milimani. Mama ni Mnyasa wa Chiwanda, kule chini ziwani karibu na mpaka.

"Wifi yangu wa usipa," alikuwa akimwambia, "kwenu kichanja ni cha nini? Samaki unaanika hata juu ya jani."

"Ndiyo maana hatuvunjiki migongo," mama alimjibu. "Kwetu kichanja ni matete matatu. Usipa hauna uzito. Ninyi mmechagua kuanika mawe."

Walicheka. Nilikuwa naokota punje nyeusi na kuzitupa kwenye kopo. Nilisikia kicheko kama kinachotoka nyumba ya jirani.

Juma la pili punje zilianza kujikusanya upande wa mbele. Ukizisambaza asubuhi, jioni zimerudi mbele. Mwishoni mwa juma hilo, asubuhi, baba mdogo alisimama uwanjani, akainamisha kichwa upande, akakitazama kichanja muda mrefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, injinia. Hebu niambie. Kichanja chako mbona kinapiga goti? Kimeona altare wapi?"

"Kinatusalimia sisi wageni," jirani akasema. "Kina adabu kuliko mwenye nacho."

Nilizunguka nyuma. Boriti ya nyuma, ile ambayo sisi sote tulijua haijamalizwa, ilikuwa imenyooka, imeshuka kiasi kidogo tu usichoweza kukitambua bila kukitafuta. Ya mbele, ya kwangu, ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mbao zilezile, mti uleule, mzigo uleule, umbali uleule wa nguzo. Kwenye maabara ya chuo tungehangaika wiki nzima kupata jaribio safi kama hilo.

Lakini sikufikiria hivyo siku ile. Nilifikiria tu: hata hiki kimenishinda. Nikaenda ndani.

Jumapili baada ya misa mama alilala kidogo. Nilikaa kizingitini, nikikitazama kichanja kwa upande, na kwa mara ya kwanza nikaona ncha za boriti yangu. Nilikuwa nimezikata sawasawa. Sasa hazikuwa sawa. Ubao wa juu ulikuwa umetokeza nje kuliko wa chini, karibu unene wa penseli. Nikaenda ncha ya pili: vilevile. Mbao zilikuwa zimeteleza, mmoja juu ya mwenzake. Nilipochokonoa kile kijiti kimoja cha pembeni kilitoka nusu tu. Kilikuwa kimekatika palepale mbao zinapokutana, safi, kama uzi uliokatwa kwa mkasi. Cha upande wa pili kilikuwa vilevile. Nikaja kwenye vile vingi vya katikati, nilivyovibana kama meno. Nilivigonga kutoka chini. Vikatoka vizima, vyeupe, kama siku nilipovipigilia. Havikuwa vimefanya kazi yoyote.

Kitabu cha nyimbo cha mama kilikuwa pale kizingitini pamoja na rozari. Nilikichukua bila sababu, nikakipinda.

Nawe fanya hivyo, tafadhali, kama hujawahi. Chukua kitabu kinene chenye jalada laini. Shika mgongo wake kwa mkono wa kushoto, na upande unaofunguka kwa mkono wa kulia, kisha kipinde kama boriti iliyolemewa. Tazama upande wa mgongo: kurasa zimeshonwa, haziendi popote. Tazama upande wa kulia: kingo za kurasa, zilizokuwa zimesimama kama ukuta, sasa zimelala mshazari. Kila ukurasa umesogea kidogo juu ya mwenzake. Hakuna uliochanika. Zimeteleza tu. Mtelezo huo ndio shia inaoutaka, na chochote kinachouzuia, iwe gundi, uzi, kijiti au nyuzi za mti wenyewe, ndicho kinachobeba mkazo wake. Sasa ubane ule upande wa kulia kwa vidole, kwa nguvu, upinde tena. Kitabu kimekuwa kigumu ghafla. Halafu ubane katikati peke yake. Kingo za pembeni zinateleza kama mwanzo.

Ukifika hapo umeelewa, na zile herufi nne zitakuja zenyewe, usizikimbilie. Mbao mbili zinazoteleza ni mbao mbili tu, kila moja inapambana na mzigo kivyake. Mbao mbili zilizozuiwa kuteleza ni boriti moja nene, nayo hupinda robo tu ya vile ambavyo zile mbili zingepinda. Na mtelezo haumo katikati ya urefu. Mzigo ukiwa umeenea sawasawa, katikati ya urefu hakuna wa kumsukuma mwenzake, shia ni sifuri. Inaongezeka kadiri unavyokaribia nguzo, kwa kuwa kila punje juu ya kichanja lazima ipitie huko kwenda chini. Kwa hiyo vijiti vinahitajika pembeni, vingi. Katikati havihitajiki kabisa.

Katikati havihitajiki kabisa.

Niliinuka nikaenda nyuma ya kichanja. Nikapitisha mkono juu ya boriti ya baba, tangu ncha, vijiti vilivyobanana, kisha shibiri moja, kisha mbili, kisha ule urefu wa mkono usio na kitu. Ncha zake zilikuwa bado sawasawa. Nilipitisha kucha kwenye maungio, haikukwama popote.

Baba mdogo alipita kurudisha jembe. Mama alikuwa ameamka, amekaa kwenye kigoda anakunywa uji. Nikamuuliza baba mdogo, "Ile boriti ya nyuma, baba aliimaliza?"

"Sijui. Si mlisema bado?"

"Keke niliikuta imefungwa gunia. Imepakwa mafuta."

Aliweka jembe chini. "Imefungwa kwa kamba?"

"Kamba ya mgomba. Nilikata."

"Kaka yangu," akasema polepole, "hata mvua imkute kazini, keke ataiacha imechomekwa kwenye tundu aje kesho. Tumegombana sana kwa hilo, maana ilikuwa ya baba yetu. Mafuta na gunia ni siku ya kumaliza. Alimaliza na kuifunga. Hiyo ya mbele ilikuwa kazi nyingine, hakuianza."

Mama aliacha kunywa. "Lakini pale katikati hakuna kitu."

"Hapatakiwi kitu, mama."

"Nani kasema?"

Nikachukua kitabu chake cha nyimbo nikakaa chini karibu na miguu yake. Nilimwonyesha mgongo, nikamwonyesha kingo. Nikampa akipinde mwenyewe, nikambania pembeni, akapinda tena. Alikuwa mwanafunzi mzuri, alirudia mara tatu bila kuambiwa. Kisha nikamweleza jambo ambalo chuoni nililiruka. Boriti ikipinda, upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Kati ya juu na chini, nusu ya unene, kuna tabaka ambalo halibanwi wala halivutwi. Mwanafunzi akifika hapo anapumzika, anaona pametulia. Kumbe ni hapohapo, kwenye tabaka lisilovutwa wala kubanwa, juu na chini zinaposhindana kuteleza kuliko mahali pengine popote. Baba alipolaza mbao mbili za unene mmoja, maungio yake yaliangukia hapo hasa. Ndiyo maana vijiti vyangu vilikatikia hapo.

Mama alikaa na kitabu kikiwa kimepindika mikononi. "Kwa hiyo pale pasipouma," akasema, "ndipo panapochanika."

"Ndiyo."

Akakinyoosha kitabu, akakiweka pajani. Baba mdogo alikuwa anatazama kijito.

Halafu mama akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka hivi, kwa pua, kama anayejizuia kanisani. "Shemeji," alimwambia baba mdogo, "unakumbuka alivyotumbukia?"

"Nisikumbuke? Nilikuwa nyuma yake."

Wakanisimulia wote wawili, wakinyang'anyana maneno. Baba alipokwenda Chiwanda kumposa mama, babu wa ziwani alimpa kazi: kuna kijito kati ya nyumba na shamba la muhogo, weka kivuko. Baba alikuwa kijana wa milimani aliyetaka kuonekana fundi. Alilaza mbao mbili, moja juu ya nyingine, akazifunga kamba katikati mizunguko isiyohesabika, kwa sababu katikati ndipo mtu anapoogopa. Kisha akabeba gunia la muhogo begani ili wakwe waone, akaanza kuvuka.

"Mbao zikafanya hivi," baba mdogo akasema, akitelezesha kiganja juu ya kiganja.

"Gunia likaenda kwanza," mama akasema. "Yeye akalifuata."

"Maji yenyewe hayakufika kifuani. Lakini kelele alizopiga!"

"Babu yako hakusema neno. Alishuka akazifunga upya. Mimi sikuangalia amefunga wapi. Nilikuwa namwangalia aliyelowa."

Kwa hiyo baba alikosea kosa hilihili, kwenye kijito cha wakwe, kabla sijazaliwa. Babu akamsahihisha bila maneno, naye akalibeba sahihisho hilo mpaka mwisho, vijiti vingi pembeni na katikati wazi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mimi niliona ile nafasi wazi nikadhani ni mahali alipokatishwa. Mama naye alidhani hivyo. Miezi mitano alikuwa anapita mbele ya boriti ile akigeuza uso.

"Alikuwa ameimaliza," mama alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Natamani niseme kwamba nililia hapo. Sikulia. Lakini viganja vyangu vilianza kuwasha, vyote viwili, kama mguu unaoamka, nikavisugua kwenye gauni. Nikasema, "Mama, nimefeli somo. Hili hili. Nina sapu mwezi wa tisa. Nilikuwa sitaki kurudi."

Baba mdogo alichukua lile jembe akaenda kuliegemeza ukutani, taratibu kuliko jembe linavyohitaji.

"Tangu lini unajua?" mama akauliza.

"Kabla sijaja."

"Ukakaa nalo peke yako."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima na zaidi, tunachambua kahawa pamoja." Aliifunga rozari yake ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilingoja anikasirikie, na sidhani kama ningehisi. "Ukifeli tena?"

"Wananirudisha nyumbani."

"Nyumbani utakuta nini? Boriti hizi umeshazielewa. Za nani nyingine utakazojifunzia hapa?" Akainuka. "Kesho tushushe kahawa upande wa mbele. Uipigilie upya, kisha unifundishe kila siku jioni jua likiwa bado, hapa hapa. Nikikuelewa mimi ambaye sikuvuka darasa la saba, hao walimu wako watakuelewa."

Tulifanya hivyo. Nilitoboa matundu mapya pembeni, kwa keke ya babu mzaa baba, mengi na ya karibukaribu, nikiyanakili ya baba kwa kamba yenye mafundo. Yale matundu yangu ya katikati yalibaki wazi, na mama akayaziba kwa nta ya nyuki ili maji yasiingie. Nilipomaliza niliipaka keke mafuta. Lile gunia nilikuwa nimelitupa, nikakata jingine.

Jioni mama alikaa kwenye kigoda na punje zake, nami nikamweleza. Alikuwa anaruhusiwa kusema "sijaelewa" mara nyingi alivyotaka, na alitumia ruhusa hiyo. Jirani naye alianza kuchelewa kuondoka. Siku moja alisema kwamba kumbe ndiyo maana kwenye ngoro, yale mashamba yetu ya mashimo mlimani, majani hulazwa miraba chini ya udongo, mlima usije ukateleza juu ya mlima, na kwamba bibi yake angeweza kuwa injinia kama chuo kingekuwepo. Nilimwambia ni kweli, na nilimaanisha. Mfano wake natumia mpaka leo.

Mwezi wa tisa mama alinisindikiza mpaka mjini. Basi lilisimama Kitai dakika chache, watu wakinunua ndizi madirishani. Nilikuwa na mkate, daftari, na kijiti kimoja cha mkahawa kilichokatika nusu, sijui kwa nini nilikichukua. Nje mashamba yalikuwa makavu, kahawia, na niliyatazama mpaka Songea bila kufikiria kitu.

Swali la tatu la mtihani lilikuwa na boriti ya mbao mbili zilizopigiliwa misumari, mzigo umeenea sawasawa, tafuta nafasi kati ya msumari na msumari. Nilichora boriti. Nikaweka misumari iliyobanana kwenye ncha, nikaiachanisha kuelekea katikati, na katikati nikaacha wazi. Kisha ndipo nikaandika zile herufi nne. Nilikuwa bado na muda. Nilipomaliza nilipitia kila jibu, nikafuta kalamu kwa pindo la shati, nikaifunga, nikaiweka juu ya karatasi.

Nilipita, si kwa alama za kujivunia. Nilimpigia mama simu, akasema, "Sawa, mwanangu," kisha nikasikia nyuma yake punje zinasambazwa kwenye wavu.